Upande wa Pili wa Karatasi ya Luse

Yolande hukaanga vitumbua kila asubuhi, na kila asubuhi mimi hulalamika kwamba moshi wake unaingia nyumbani kwangu. Hiyo ndiyo salamu yetu. Nyumba zetu zimetenganishwa na kamba ya kuanikia nguo tu, hapa Mantapala, nchini Zambia, kwenye makazi ya sisi tuliokimbia vita vya Kongo. Yeye ni mtu wa Pweto, mimi ni mtu wa Moba. Jina langu ni Constantin. Jioni ninafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kwa sababu hiyo watu huniita Mwalimu, na mimi nikavimba kichwa nikadhani najua kila kitu.

Yolande ana mtoto mmoja, Luse, wa miaka saba. Kila siku Luse hupita mlangoni kwangu akienda shule, kitumbua kimoja mkononi na kingine mdomoni. Saa sita na nusu hurudi. Mama yake huwa amesimama njiani tangu saa sita kamili. Yolande hajui kukaa. Ni kiguu na njia: mara shambani, mara kisimani, mara njiani kumtazamia mtoto. Nilikuwa nikimtania kwamba hata kitini anakaa upande mmoja tu.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, saa sita na nusu ilipita. Saa saba ikapita. Watoto wa jirani walirudi kutoka shule, wakasema Luse amepandishwa kwenye baiskeli ya kubebea samaki. Aliyempandisha ni baba yake.

Baba yake anaitwa Sampa. Ni Mzambia, mvuvi wa kisiwa cha Kilwa katika ziwa Mweru. Yeye na Yolande waliishi pamoja Kabuta, kando ya ziwa hilo, wakashindwana, wakaachana Luse akiwa na miaka minne. Walikwenda korti ya Nchelenge, na korti ikaamua kwamba mtoto akae na mama. Karatasi ya korti ipo. Kwa hiyo Sampa hakuwa na ruhusa ya kumchukua mtoto njiani, katikati ya muhula, bila kumwambia mtu.

Alasiri simu ya Yolande ikalia. Sampa alisema maneno machache. Luse yuko Kilwa kwa bibi yake, mama Dorica. Anakula vizuri. Kisha akakata.

Yolande alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na hapo nikajua hali ni mbaya. Kilwa ni kisiwa. Hakuna njia ya kufika huko ila kwa mashua. Na Yolande na maji, wao walikwisha kukosana. Mwaka 2017, walipokimbia, mtumbwi wao ulipinduka karibu na ufuko. Alikuwa amemshika mdogo wake Méschac kwa shati. Yolande alifika kwenye kambi ya Kenani akiwa na shati mkononi. Méschac hakufika. Baadaye Yolande aliishi Kabuta miaka mitano, ziwa likiwa mbele ya mlango, na hakutia hata kidole cha mguu majini. Maji ya kupikia aliyatoa bombani.

"Mwalimu," aliniambia, "mutoto yangu iko katikati ya maji."

Nilikwenda ndani ya nyumba yake nikaitazama karatasi ya korti.

Hapa lazima niwaeleze jambo letu moja. Sisi watu wa Kongo hatupendi kuficha karatasi kubwa sandukuni. Diploma, picha ya harusi, cheti cha ubatizo, vyote tunaviweka kwenye fremu yenye kioo, tunaita kadre, na tunatundika ukutani ili mgeni aingiapo aone. Karatasi ya korti nayo ilipata kadre. Pitchou, mdogo wake Yolande ambaye ni seremala, aliitengeneza kwa mbao nzuri. Alibana kioo mbele, ubao nyuma, akapiga misumari kumi na miwili.

Na aliyeisoma kabla haijapigiwa misumari ni mimi. Korti ilikuwa imeamua kwa Kiingereza na Kibemba. Mkalimani alikuwapo, lakini Yolande aliposikia kwamba mtoto atakaa na mama alianza kulia kwa furaha, na baada ya hapo hakusikia neno jingine. Akaniletea karatasi. Mimi nilisoma shule kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Lakini mwalimu akiulizwa mbele ya watu hasemi sijui. Nilisoma ukurasa, nikaona jina la Yolande, jina la Luse, neno la kukaa na mama, nikaona muhuri. Nikasema, "Yolande, umeshinda." Tukachinja kuku.

Mara mbili Sampa alikuja mwezi wa Desemba, uvuvi ulipofungwa, kuomba Luse akae naye Kilwa wakati wa likizo. Mara zote mbili Yolande alimwonyesha kadre ukutani. Sampa alisema karatasi hiyo ina upande mwingine. Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Basi jioni ile tulikaa watatu, Yolande, Pitchou na mimi. Yolande hakukaa kwa kweli. Alikuwa akitoka na kuingia, akifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mimi nilisema twende polisi, tuna karatasi, polisi watakwenda Kilwa na bunduki zao wamtoe mtoto. Hivyo ndivyo nilivyodhani kazi ya polisi ilivyo.

Yolande alisimama na ufagio mkononi. "Polisi ya kwetu alikuwaka anaanza kukuuliza uko na nini mu mufuko. Na sisi ni bakimbizi. Nikitoka hapa bila ruhusa, njo mimi batakamata."

"Polisi banaandika tu," alisema Pitchou. "Mi nitaomba mashua ya Levy pale Kabuta. Niko na vijana batatu. Tunavuka, tunabeba mutoto, tunarudia."

Nilimwambia asubiri. Akaenda kulala, na mimi nikadhani amekubali.

Kesho yake tulikwenda mapema ofisi ya makazi. Yolande alieleza shida yake, akapewa ruhusa ya kutoka kwa siku nne. Haikuchukua hata nusu saa. Yule mama aliyekuwa na hofu ya ruhusa usiku kucha aliitazama ile karatasi ndogo kana kwamba anataka kuitafutia kadre nayo. Tukapanda gari la wauza mihogo mpaka Nchelenge, Yolande akiwa amekumbatia kadre ndani ya kitenge. Gari lilikuwa linaruka kwenye mashimo, na kila likiruka aliuliza kama kioo kimevunjika.

Kituo cha polisi tulipokelewa na Sajini Florence Mpundu. Kazi yake ni mambo ya wanawake, watoto na familia. Mama yake alikuwa akiwauzia Wakongo samaki wadogo wakavu huko Kashikishi, na Florence alijifunza Kiswahili akiwa mtoto, chini ya meza ya sokoni. Alimwita Yolande Bana Luse, kama Wabemba wanavyomwita mama kwa jina la mtoto wake. Hilo peke yake lilimfanya Yolande akae kitini, ingawa upande mmoja.

Nilitegemea aulize kwanza karatasi. Hakuuliza. Aliuliza habari za mtoto. Je, mtoto ni mgonjwa? Baba yake humpiga? Hulewa? Nyumbani huko yuko nani? Yolande alijibu kwamba Sampa hana ubaya na mtoto, na bibi Dorica ni mtu mwema. Florence alieleza kwa nini anauliza. Mtoto akiwa hatarini, kapigwa, ana njaa au ni mgonjwa, polisi hawangoji kitu, wanakwenda saa ile ile pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii. Kama hayuko hatarini, wanafuata karatasi.

"Madamu, karatasi njo hii," alisema Yolande, akaweka kadre mezani. "Utume bapolisi bende kumuchukua."

"Mukwai, tusome kwanza," alisema Florence, kwa neno la heshima la Wabemba.

Akasoma kupitia kwenye kioo, kidole kikifuata mstari. Alipofika chini akasimama. Akauliza ukurasa wa pili uko wapi. Yolande alimwambia hakuna ukurasa wa pili. Florence akagonga kioo kwa ukucha, pale chini kabisa, penye maneno matatu madogo.

"Hapa banasema endelea kwa nyuma."

Maneno yale niliyaona siku ile ya kuku. Sikujua maana yake, nikayapita.

Konstebo mmoja akaleta koleo, akang'oa misumari ya Pitchou, mmoja mmoja. Ilikuwa kumi na miwili na yote ilikuwa mirefu. Ubao ulipotoka, Florence aliigeuza karatasi. Upande wa mbele ulikuwa umegeuka rangi kwa jua na moshi wa vitumbua. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe kama siku ilipotoka korti.

Alisoma kwa Kiingereza, kisha akatueleza taratibu. Mtoto anakaa na mama. Wakati wa likizo ya Desemba mtoto anakwenda kwa baba, tangu siku shule inapofungwa mpaka wiki moja kabla ya kufunguliwa, kwa sababu wakati huo uvuvi umefungwa na baba yuko nyumbani. Baba anamrudisha mwenyewe. Nje ya siku hizo, hakuna ruhusa ya mmoja kumchukua au kumzuia mtoto bila mwenzake kukubali.

Yolande aligeuka akanitazama. "Mwalimu. Ulisoma."

"Nilisoma upande mumoja," nilisema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka miwili nimemcheka mtu aliyekuwa anasema kweli. Nimemfanya mama huyu avunje amri ya korti bila kujua, na nimemfanya mtoto akose baba yake Desemba mbili. Niliona aibu, na bado ninaona.

"Alors, mi njo mubaya," alisema Yolande. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Munanifunga?"

Florence alicheka kidogo, bila kumdharau. Akasema hakuna atakayefungwa leo. Akaanza kutueleza kazi ya polisi katika mambo haya, na mimi nilitoa daftari langu nikaandika, maana sikujiamini tena.

Alisema polisi haamui mtoto akae na nani. Hiyo ni kazi ya korti. Polisi anaangalia kama karatasi ya korti ni ya kweli na bado ina nguvu. Hapo hapo alimpigia simu karani wa korti, akamsomea namba, na karani akasema ndiyo, ina nguvu. Halafu polisi anaandika malalamiko kwenye kitabu cha kituo na kumpa mlalamikaji namba yake. Huduma hiyo hailipiwi. Halafu anamwita yule mwingine, anamsomea karatasi, anampa siku na saa ya kumrudisha mtoto. Siku ya kumkabidhi, polisi anasimama pale ili watu wasipigane.

"Na kama Sampa anakataa?" aliuliza Yolande.

"Simunyang'anyi kwa nguvu mpaka korti iniambie. Naandika ripoti, wewe unarudi nayo ku korti. Korti itamwita ajibu kwa nini anavunja oda yake. Hapo korti ikisema polisi mumulete mutoto, tunaenda. Mutu mwingine yote hapana ruhusa kumunyakua. Hata mama. Hata ndugu ya mama."

Aliposema ndugu ya mama, mimi na Yolande tuliangaliana. Na kama vile shetani alikuwa anasikiliza, simu yangu ikalia. Alikuwa Chouchou, mke wa Pitchou. Alisema mume wake ameondoka tangu alfajiri na vijana watatu, na hivi sasa yuko bandari ya Kabuta, anatia mafuta kwenye mashua ya Levy.

Florence alisimama kabla sijamaliza kueleza. Tulipanda gari la polisi, yeye, konstebo, Yolande na mimi. Nilimpigia Pitchou mara saba, hakushika. Barabara ilikuwa imejaa baiskeli zenye vikapu vya samaki, na kila moja ilionekana kwangu imekuja kutuchelewesha makusudi. Yolande alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili. Alikuwa anasema jina la Luse, halafu la Méschac, halafu la Luse tena. Sidhani alijua kwamba anasema kwa sauti.

Kabuta tulikuta mashua bado iko karibu na ufuko. Vijana watatu walikuwa wamekaa ndani, Pitchou amesimama, na Levy mwenye mashua amejiinamia kwenye injini iliyokuwa inakohoa bila kuwaka. Upepo ulikuwa umeanza. Florence aliwaita kwa sauti ya kawaida. Akawaambia kwamba wakimchukua mtoto kwa nguvu kosa litakuwa lao, na kwamba yeye mwenyewe atalazimika kuwakamata, hata kama mtoto ni wa dada yao.

Vijana walianza kutazamana. Pitchou hakutikisika.

Yolande alitembea mpaka pale mchanga unapokuwa na unyevu. Hapo akasimama. Kati yake na mashua palikuwa na maji ya kufika magotini, si zaidi, na hakuweza kuyaingia.

"Pitchou, shuka."

"Yaya, na mutoto?" aliuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Ukimukamata, bibi yake atamushika mukono mumoja, we utamushika ule mwingine, mashua ikitikisika. Mi nilishika shati, Pitchou. Mi najua inakuwaka namna gani. Shuka."

Pitchou alishuka. Alitembea majini na viatu vyake, akapita karibu na dada yake bila kumtazama, akaenda kukaa nyuma ya nyavu za watu akilia. Levy aliifuta mikono mafuta, akasema injini yake ni mtu mwenye akili kuliko sisi wote.

Pale pale ufukweni Florence alimpigia Sampa. Walizungumza Kibemba muda mrefu, na Florence akawa anatueleza. Sampa alikuwa na hasira. Alisema alinyimwa mtoto mara mbili, na mwalimu wa kisiwani alikwisha kumsomea ile karatasi mpaka ameshika kila neno, hata sasa anaweza kuisema. Na kweli aliisema, yote, upande wa pili bila kukosea. Florence alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba ana haki ya kukasirika. Lakini Desemba ile ya kwanza alipaswa kuja kituoni na karatasi yake, na Florence angemwita Bana Luse ajibu, kama anavyomwita Sampa leo. Kumchukua mtoto njiani ni kuvunja karatasi ile ile anayoijua kwa moyo. Akampa mpaka Alhamisi saa nne asubuhi, bandari ya Kabuta. Asipokuja, ripoti inakwenda korti siku hiyo hiyo.

Sampa hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alikata simu.

Siku mbili zile zilikuwa ndefu. Yolande alilala kwa mama mmoja wa kanisa lake hapo Kabuta, na mama huyo aliniambia kwamba mgeni wake alifagia uwanja, akafagia uwanja wa jirani, akaosha sufuria safi. Aliomba unga akakaanga vitumbua, vikaungua. Mimi nilirudi Mantapala, nikafundisha vibaya, nikarudi Kabuta Alhamisi kabla jua halijawa kali.

Saa nne ilifika. Mashua za kutoka Kilwa ziliingia mbili, zikashusha samaki na mama wenye vikapu. Luse hakuwamo. Saa nne na nusu. Upepo ulikuwa unapiga kutoka upande wa kisiwa, na maji yalikuwa na povu. Florence alikuwa na kitabu chake kwapani, akitazama ziwa. Yolande alikuwa anakwenda mpaka kwenye mti wa mwisho wa kukaushia nyavu na kurudi, anakwenda na kurudi, mchanga ukawa na njia. Pitchou, niliyekuja naye, alisema mtu yule hatakuja, kwamba alijua tangu mwanzo. Nilimwambia anyamaze, kwa ukali, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Saa tano na dakika kumi tukaiona mashua ya tatu. Ilikuwa inakuja polepole, ikikwepa mawimbi. Sampa alikuwa mbele. Aliruka majini, akamweka Luse mabegani, akatembea naye mpaka nchi kavu. Luse alikuwa ananuka moshi wa samaki na alikuwa na kilemba kipya alichofungwa na bibi yake. Alimkimbilia mama yake. Yolande alimshika kwa mikono yote miwili, si kwa nguo. Alimshika mwilini, chini ya makwapa, na hakumwachia kwa muda mrefu.

Florence hakumgusa mtoto. Alisimama kati ya Sampa na Pitchou, basi. Alipoona wametulia alifungua kitabu, akaandika siku, saa, na majina, akawapa wazazi wote wawili watie sahihi. Sampa alisema amechelewa kwa sababu ya upepo, hakutaka kuvuka na mtoto mpaka upungue. Yolande alisikia maneno hayo. Niliona yamemwingia.

"Bashi Luse," alimwambia, kama Wabemba wanavyomwita baba wa mtoto, "Desemba mbili nilikukatalia. Sikujua. Nihurumie."

Sampa alitazama miguu yake. Alisema na yeye amekosa, hakupaswa kumchukua mtoto kama mwizi wa kuku. Mimi nilikuja mbele nikasema aliyesoma vibaya ni mimi. Sampa alinitazama, akauliza kama mimi ndiye yule mwalimu aliyekuwa anacheka. Nikakubali. Akacheka yeye sasa, na nilistahili.

Lakini Yolande hakuwa ametulia. Alimuuliza Florence kama wanaweza kuandika hapo hapo kwenye kitabu cha polisi kwamba Luse asivuke maji tena, baba aje kumwona Mantapala.

"Mimi siwezi kuongeza hata nukta ku karatasi ya korti," alisema Florence. "Wala kupunguza. Kama uko na woga, wende ku korti uombe babadilishe. Woga yako iko na maana. Uiseme mbele ya hakimu."

Sampa alisema watakwenda pamoja. Walikwenda mwezi wa kumi. Safari hii Yolande alimwomba mkalimani arudie kila neno, na hakulia mpaka mwisho. Korti haikuondoa siku za baba. Iliongeza masharti: mtoto avuke asubuhi tu, upepo ukiwa umetulia, katika mashua kubwa, na avae koti la kuelea. Karatasi mpya nayo ilikuwa na pande mbili. Nilimwomba jirani anayejua Kiingereza anisaidie kuisoma, mbele ya watu, na sikufa.

Pitchou alitengeneza kadre nyingine. Hii ina kioo mbele na kioo nyuma. Haikuwekwa ukutani. Inaning'inia mlangoni kwa kamba, na mgeni akiingia haraka inamgonga paji la uso. Katika darasa langu pia, mtu akileta karatasi yoyote, ya kliniki, ya shule, ya korti, kabla ya herufi ya kwanza tunaigeuza tuone nyuma.

Desemba ilipofika, shule ikafungwa, uvuvi ukafungwa, na nyavu zikaanikwa ufukoni kote. Yolande mwenyewe alimpeleka Luse Kabuta. Nilikwenda nao kubeba mzigo. Sampa alikuwa anangoja na koti la kuelea la rangi ya machungwa. Yolande alilifunga mwenyewe, akalifungua, akalifunga tena. Luse alisema linamkaba. Mashua ikaondoka saa moja asubuhi, maji yakiwa yametulia. Yolande aliifuata kwa miguu kando ya ziwa mpaka mahali ambapo matete yanazuia njia, akasimama hapo mpaka haikuonekana tena.

Wiki zile zote moshi wa vitumbua haukuja nyumbani kwangu, na nikawa silali vizuri.

Siku ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Sampa alipiga simu Ijumaa. Hali ya hewa ya Jumatatu haimpendezi, alisema, atamleta Jumamosi, siku mbili kabla. Tulikuwa bandarini kabla ya saa mbili. Hapakuwa na polisi. Hakuna aliyewaita, maana hapakuwa na haja. Mashua ilionekana, ile rangi ya machungwa ikiwa mbele kabisa, inapunga mikono miwili. Yolande alikuwa pembeni yangu akitembea huku na huku kama kawaida yake. Halafu nikageuka, hayupo.

Mashua ilipokaribia, Luse aliinama juu ya ukingo, akamkazia macho mama yake.

"Mama, uko mu maji."

Yolande alitazama chini. Alikuwa ameingia mpaka magotini, kitenge kimelowa, samaki wadogo wanapita kati ya miguu yake.

"Niko," alisema, akanyoosha mikono kumpokea.